Chapa ya Watu Wengine

Hapa Tunduma watu wakitaka msemaji huniita mimi. Sijivuni, maana wakishanisikia mara moja hawaniiti tena. Jina langu Masudi, dalali wa mizigo. Kazi yangu ni kumkutanisha mwenye lori lisilo na mzigo na mwenye mzigo asiye na lori, huku katikati yao nimesimama mimi nisiye na kimojawapo. Zamani nilikuwa na lori langu. Lilivuka mpaka kwenda Kasumbalesa likiwa zima, ukarudi usukani. Tangu hapo mtaji wangu ni mdomo, na huo nao mke wangu Mwanamvita anasema breki zake mbovu.

Mdomo huo ndio Andris aliokuja kuuomba uwe mshenga wake.

Andris ni mzungu mrefu, mchimba visima. Alikuja na kampuni iliyochimba visima vya maji bonde la Momba. Kampuni ikamaliza kazi, ikafunga mitambo, yeye akabaki na mafundi wa hapa hapa. Kiswahili alikiokota kwao, ndiyo sababu yeye humwita "mkubwa" kila mtu anayemheshimu, na akifurahi sana anasema "maji yametoka". Kwao ni Latvia. Usione aibu kama hupajui. Mimi mwenyewe nilidhani ni jina la kampuni.

Aliyempenda ni Restuta, mwenye duka la dawa za mifugo kule Mpemba. Siku ya kwanza Andris aliingia dukani akaomba dawa ya kupe. Restuta akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Andris akajibu kwamba ng'ombe hana, mgonjwa ni yeye. Wengine huanza kwa maua. Hawa walianza kwa dawa ya josho.

Shida ilikuwa baba. Mzee Bugalama, baba yake Restuta, ni Msukuma mfugaji aliyehamia Momba na mifugo yake miaka mingi iliyopita, na binti huyo ndiye aliyempa moyo wake wote.

"Baba akikataa, basi," Restuta alituambia mimi na Andris, macho makavu. "Sitatoroka, wala sitambembeleza. Nampenda Andris, lakini siwezi kujenga nyumba ambayo baba yangu hatakanyaga."

"Atakubali," nikasema. "Unaongea na nani hapa?"

"Ndiyo ninachoogopa, kaka Masudi."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

* * *

Mara ya kwanza nilishuka bondeni peke yangu, kama ilivyo desturi, kupeleka neno. Ukipita Chitete barabara inaporomoka kuelekea joto, na pikipiki yangu iliporomoka nayo, wakati mwingine mimi nikiwa juu yake. Nilifika jua limeshavuka utosini, nimevaa vumbi kutoka kofia hadi soksi. Mzee Bugalama alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini mwa nyumba. Pembeni yake alikuwa dada yake, Shangazi Minza, mama mwenye mwili mdogo na macho ya afisa wa forodha.

Njiani nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisukuma. Nikainama vizuri, nikasema, "Mwangaluka!"

Mzee akamtazama dada yake.

"Mwangaluka ni ya asubuhi," Shangazi Minza akasema. "Jua liko wapi?"

Nikaangalia juu. "Limesogea kidogo, shangazi."

"Basi hapo husemi mwangaluka, unasema mwadila. Faini. Kuku mmoja."

Nikaketi nijipange upya.

"Nani amekukaribisha kukaa? Kuku wa pili."

Wasomaji mliowahi kutumwa posa mnanielewa. Mshenga huenda ukweni kama mgeni, akatoka kama mtuhumiwa. Kabla sijalitaja jina la bwana harusi nilikuwa nimeshapoteza banda zima la kuku ambao sikuwa nao.

Mzee Bugalama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. "Watu wake ni akina nani?"

"Ni mzungu, mzee. Wa Latvia."

"Hilo ni jina. Mimi nauliza chapa yao."

Akanyanyuka, akanipeleka zizini, akanionyesha paja la ng'ombe dume. Palikuwa na alama ya moto: nusu duara, na vijiti viwili chini yake.

"Hii ni ya babu yangu," akasema. "Ng'ombe akipotea mpaka Sumbawanga, mtu akiona hii anajua ni wa nani na anajua hao ni watu wa namna gani. Siku moja mnadani nilinunua dume zuri kwa dalali. Mtu mchangamfu, anaongea kama wewe. Sikuangalia paja. Kumbe dume lina chapa ya watu wengine, limeibwa. Nililala ndani kituoni, mimi Bugalama, mbele ya wanangu. Tangu siku ile, kwangu ni chapa kwanza, maneno baadaye. Huyo kijana wako nimemwona akichimba maji, ni mchapakazi. Lakini watu wake siwajui. Waniletee chapa yao."

Hapo mtu mwenye akili angesema, mzee, ngoja nikamuulize mwenyewe. Mimi nikasema, "Ipo! Tena ni bendera, mzee. Bendera si ndiyo chapa ya nchi? Nitakuja nayo na kijana mwenyewe, na nitakueleza kila rangi maana yake."

Mzee Bugalama akatikisa kichwa polepole, ameridhika. "Hapo umesema."

Nikaondoka nikijiona waziri wa mambo ya nje.

* * *

Andris alikuwa kazini upande wa Mbebe, kwenye milima, ambako mtandao wa simu huja kama mgeni wa heshima. Nilimpata kwa sekunde chache. Nikamuuliza rangi za bendera ya kwao.

"Nyekundu, nyeupe, nyekundu," akasema. "Lakini mkubwa, nyekundu yake..."

Ikakatika. Sikupiga tena. Nyekundu ni nyekundu, nikajiambia. Itakuwa na nini tena?

Nikaenda kwa fundi Aliko, mwenye cherehani yake karibu na stendi. Tatizo la Aliko ni Yanga. Kuona nyekundu na nyeupe tu, akarudisha kiti nyuma.

"Simba sishoni."

"Si Simba, ni Latvia."

"Nyekundu na nyeupe ni Simba, hata ukiipeleka mbinguni."

Ilibidi nimweleze habari yote ya posa ndipo akakubali, kwa huruma ya Restuta, si yangu. Akatoa satini nyekundu iliyobaki kwenye fulana za mashabiki, ile inayowaka kama taa ya nyuma ya lori, na kipande cheupe cha shela.

"Upana vipi?" akauliza.

"Gawa sawasawa. Bendera isiwe na upendeleo."

Nyumbani nikaitandaza mezani. Mwanamvita akaizunguka, mikono kiunoni.

"Imependeza. Andris ameiona?"

"Ataiona huko huko. Nataka machozi yamtoke."

"Baba Fauzia, mwonyeshe mwenyewe kwanza."

"Bendera ni bendera, mke wangu."

"Hata usukani ulisema ni usukani tu, lori litafuata nyuma."

Huyo ndiye mwanamke ninayeishi naye. Nikaikunja bendera yangu nikaiweka kwenye mfuko.

Maana za rangi zilibaki, nazo hazikunitisha. Mtoto yeyote aliyepita shule ya msingi nchi hii anajua bendera inavyosomwa: kijani uoto, nyeusi watu, bluu maji, dhahabu madini. Tuliimba mpaka tukaota. Nikaona na hao Walatvia hawawezi kuwa na utaratibu mwingine. Kilichobaki ni kutafuta tu kwao kuna nini chekundu na nini cheupe. Nikawaza njia nzima kushuka bondeni, na nilipofika zizini kwa mzee nikapata jibu. Lilikuwa limesimama mbele yangu linatafuna.

* * *

Siku hiyo Andris alitokea kazini, akatukuta kwa mzee. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likakunjwa tena na safari. Restuta alikuwa ameketi mkekani na Shangazi Minza. Wajomba nao walikuwepo, na majirani waliokuja kwa sababu mzungu anaposa.

Nilisalimia shikamoo tu, nikasubiri kuambiwa niketi. Shangazi Minza alionekana kukosa raha.

"Haya, mshenga," mzee Bugalama akasema. "Chapa."

Nikasimama. Nikaingiza mkono mfukoni taratibu, kama mchawi wa sarakasi, nikaichomoa na kuikung'uta mara moja, paa! Satini ikawaka. Majirani wakaguna kwa kupendezwa.

Nikamtazama Andris nione machozi. Machozi hayakuwepo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu aliyekutana na mama yake sokoni, akageuka akaona siye.

Lakini breki ndiyo hivyo tena.

"Wazee wangu," nikaanza, "hii ndiyo chapa ya Latvia. Nyekundu hii ya juu ni ng'ombe. Nyekundu hii ya chini ni ng'ombe. Na nyeupe hii ya katikati," nikapaza sauti, "ni maziwa! Hao ni wafugaji, mzee. Ng'ombe juu, ng'ombe chini, katikati maziwa hayakatiki!"

Palilipuka. Wajomba walipiga makofi. Jirani mmoja akasema, "Kumbe ni Wasukuma hawa, wamepauka tu!" Mzee Bugalama alikuwa akitabasamu, na Restuta amefunika mdomo kwa khanga, macho yake yanang'aa. Nakwambia, nilijiona nikiitwa kila nyumba kuanzia Tunduma hadi Ihanda.

"Ifungeni hiyo kwenye mlango wa zizi," mzee akasema, na jina la Andris kinywani mwake likawa Andrea. "Ng'ombe za mahari zipite chini yake. Andrea, mwanangu, nimewajua watu wako. Kama kuna la kuongeza, ongeza, tumalize."

Andris akasimama. Restuta akamshika suruali chini, akanong'ona, na sote tulisikia: "Nyamaza. Andris, nyamaza tu."

Andris alimtazama. Kila kitu alichokitaka kilikuwa kimeshawekwa mkononi mwake, na kazi yake ilikuwa kutofungua mdomo, kazi ambayo mimi nimeishindwa maisha yangu yote.

"Mkubwa," akasema, "hii si ya kwetu."

"Si ya nani?"

"Hii ni ya Austria. Watu wengine. Wazuri, lakini wengine."

Makofi yalikufa. Tabasamu la mzee Bugalama lilitoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani.

"Masudi," akasema. Hakuniita mshenga tena. "Umeniletea chapa ya ng'ombe za watu? Nyumbani kwangu?"

"Mzee, ni fundi..."

"Tena umeieleza! Umesimama hapo umesema juu ng'ombe, chini ng'ombe!"

"Mbuzi," Shangazi Minza akasema, furaha imemrudia. "Huyo kuku hawamtoshi."

Mzee alishasimama, ameshika fimbo yake. Restuta alikuwa ameinama, khanga imefika machoni. Nikajua yanayofuata: mzee akiingia ndani, yamekwisha. Na Restuta alishasema hatabembeleza.

"Mkubwa, ya kwetu naweza kuisema," Andris akasema. "Bila ng'ombe."

Mzee hakuketi. Lakini hakuingia ndani.

"Nyekundu hii inapiga kelele," Andris akasema, akigusa satini yangu. "Ya kwetu imeiva. Nyeusi kidogo. Kama damu ya jana. Na nyeupe yake nyembamba, nusu ya nyekundu moja. Wanasema zamani sana mkuu wetu wa vita aliumizwa. Damu nyingi. Watu wake wakachukua shuka nyeupe, wakamfunga, wakambeba. Damu ikaingia upande huu na upande huu. Katikati, chini ya mwili wake, pakabaki peupe. Halafu wakaifunga shuka kwenye mti mrefu, wakarudi vitani nayo. Wakashinda."

"Alipona?" mzee akauliza.

"Wanasema alikufa, mkubwa."

Mzee Bugalama akafikiri. "Kwa hiyo pale peupe ndipo alipokuwa mtu."

"Ndiyo. Pale ndipo mtu."

"Na ni kweli hiyo, au ni kama ng'ombe za Masudi?"

"Ni hadithi. Sijui kweli. Lakini kuna kitabu cha zamani, miaka zaidi ya mia saba, kinasema watu wa kwetu walibeba bendera nyekundu yenye mstari mweupe. Ikasahaulika. Wanafunzi wakaisoma humo, wakaishona tena. Baada ya vita kuu ya kwanza tukapata uhuru, ikawa ya nchi. Halafu Wasovieti wakaja, wakaikataza. Ukipatikana nayo, unafungwa."

"Unafungwa kwa chapa yako mwenyewe?"

"Ndiyo, mkubwa. Miaka mingi. Bibi yangu hakuwa nayo, aliogopa. Lakini kila mwaka, siku ya uhuru, alichemsha bitiruti, kile kiazi chekundu kinachopaka mikono. Aliweka mezani sahani ya bitiruti, hapa kikombe cha maziwa, hapa sahani nyingine ya bitiruti. Familia inakaa, inaangalia, hakuna anayesema kitu. Halafu wanakula. Polisi hawezi kukamata chakula."

"Kwa hiyo maziwa yalikuwepo!" nikaropoka.

"Mbuzi wa pili," Shangazi Minza akasema, bila hata kunitazama.

Mzee Bugalama aliketi. Akaweka fimbo magotini.

"Andrea. Mimi nilishakubali. Binti yangu amekushika suruali, nimeona. Ungenyamaza ungeoa. Kwa nini hukunyamaza?"

Andris alitafuta maneno mpaka masikio yakamwiva. "Bibi alikula bitiruti kwa siri, mkubwa. Mimi nitapita chini ya kitambaa cha mtu mwingine, mbele ya watu, nicheke? Nitakuwa nimeoa kama mtu mwingine."

Zizini dume lilikohoa. Mzee akamgeukia Restuta.

"Huyu," akasema, "angekuwa dalali siku ile mnadani, nisingelala ndani."

Restuta alicheka na kulia kwa pamoja, na Andris akasema, kwa sauti ndogo, "Maji yametoka."

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuwa nimefika mbali kuliko stahili yangu. Lakini mzee aliokota ile satini, akaikunja kwa adabu, akaniwekea mikononi.

"Ng'ombe wa mtu akiingia zizini kwako humchinji, humuuzi, humkamui. Unamtunza, unamtafuta mwenyewe, unamrudishia. Hiki ni cha watu. Sipokei mahari kwenye nyumba iliyoletewa kitu cha watu mpaka kirudi kwao."

"Tumbadilishe mshenga," Shangazi Minza akashauri.

"Hapana. Aliyekileta ndiye akirudishe."

"Mzee," nikasema, "Austria ni mbali."

"Wewe si unakaa mpakani? Dunia nzima inapita hapo."

* * *

Mama yake Andris alikuwa ameshapanga kuja mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijakata barabara ya bondeni. Mvua zikitangulia, harusi ingesogea hadi mwaka mwingine. Na kilichokuwa kimesimama kati ya wale vijana wawili na furaha yao sasa kilikuwa ni mimi, nimesimama kwenye foleni ya uhamiaji na mfuko, ninatafuta Mwaustria.

Nikawa nauliza kila mzungu anayevuka. Wengine waliniona tapeli, na kwa sura yangu siwalaumu. Nikapata Mfaransa, nikapata Wapolandi, nikapata Mholanzi aliyesema bendera yao nayo ina nyekundu na nyeupe, ila imeongezwa bluu, kama ninaweza kuongeza bluu. Madereva wa Zambia wakanifanya mchezo wao. "Ba Masudi, umempata?" wanapaza sauti kutoka juu ya malori. "Huyu wa saruji je? Mpake chokaa!"

Siku moja nikampata Mjerumani. Akaniambia Austria ni majirani zao kabisa, wanaongea lugha moja, angeweza kuwafikishia. Nikampigia mzee Bugalama mbio mbio.

"Jirani si mwenyewe," mzee akasema, akakata.

Nyumbani nako sikuwa na kimbilio. Mwanamvita aliifua ile bendera, akaipiga pasi, akaitundika kwenye kabati pekee lenye kufuli, pamoja na hereni zake. "Mgeni atunzwe," akasema. Mashati yangu yakahamia kwenye kiti. Kwa muda wa wiki nyingi katika nyumba yangu nchi ya Austria ililala pazuri kuliko mimi.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Zambia. Restuta hakunilaumu hata mara moja, jambo lililonikata maini kuliko faini zote. Alikuwa akinipita na kuuliza tu, "Leo je, kaka?" Nami najibu, "Kesho, dada."

Ndipo asubuhi moja, kwenye vumbi la malori yaliyopanga foleni kutoka upande wa Nakonde, wakatokea wazee wawili wa kizungu, mume na mke, kila mmoja juu ya baiskeli yenye mizigo kama punda. Mama alikuwa mbele, uso mwekundu, mafuta meupe ya jua puani katikati. Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Wallahi nilijua kabla sijauliza.

"Austria?" nikasema.

"Ndiyo," akajibu, akishika breki. "Umejuaje?"

Sikumwambia kuhusu pua. Nikawapeleka kibandani kwa mama ntilie, nikawaagizia chai, nikampigia Mwanamvita alete mgeni wetu. Kwa Kiingereza changu cha kupakia mizigo nikawaeleza habari nzima: kupe, chapa, Aliko, kelele za satini, shuka ya yule mkuu. Mume alicheka mpaka akashika meza. Mkewe hakucheka. Mwanamvita alipoileta bendera, yule mama aliifungua, akapitisha vidole kwenye mshono.

"Mshono umepinda," akasema.

"Fundi ni Yanga," nikasema. Hakuelewa, wala sikuendelea.

"Ajabu," akasema, "sisi nasi tuna hadithi kama hiyo. Wanasema mtawala wetu mmoja wa zamani alipigana mpaka vazi lake jeupe likalowa damu lote. Alipovua mkanda, pale ulipokuwa pakabaki mstari mweupe. Ni hadithi tu. Lakini shuleni tuliipenda."

Nikaduwaa. Damu juu, damu chini, na katikati mtu. Kumbe bendera zile mbili, zilizoachana kwa upana na kwa wekundu, zilitokea kwenye jeraha moja. Na mimi niliyesimama zizini kuwafundisha wenzangu nilikuwa nimewaambia ni maziwa.

Nikampigia mzee Bugalama, nikaweka simu mezani isikike. Nikakumbuka adabu. Safari hii nilikuwa nimejiandaa, sikosei tena.

"Mwadila, mzee!" nikasema kwa ukakamavu.

Mzee akauliza, "Umempata?"

"Nimempata. Yuko hapa na mumewe. Wamekuja kwa baiskeli."

"Ameangalia chapa vizuri?"

"Ameangalia. Anasema mshono umepinda, lakini ni yao."

"Mpe kwa mikono miwili."

Nikasimama, nikampa kwa mikono miwili. Yule mama naye, sijui nani alimfundisha, akasimama, akaipokea kwa miwili. Mumewe akavua kofia. Hata mama ntilie aliacha kukaanga.

"Amepokea, mzee."

Nikasikia mzee Bugalama akivuta pumzi ndefu, kama mtu anayefunga zizi baada ya ng'ombe wote kuingia. "Basi mwambie Andrea alete ng'ombe. Kesho. Mvua iko njiani. Na chapa yao aishone mwenyewe, wewe usiguse hata uzi."

Mwanamvita alipiga kigelegele pale pale, mpaka madereva wa Zambia wakaanza kupiga honi bila kujua wanashangilia nini. Nikaichukua simu niikate, nikimtafuta kwa macho mtu wa kumtuma Mpemba kwa Restuta, ndipo nikasikia kwa mbali, upande wa pili, sauti ya Shangazi Minza.

"Mwulize kwanza huyo," alikuwa akisema. "Saa hizi asubuhi yote hii, mwadila ya nini? Kuku."